Kuku akiugua ghafla, usikimbilie kisu wala dawa

Kuku aliyeshinda jana akichakura uani anapokutwa asubuhi amejikunyata pembeni, mabawa yameshuka na macho ameyafumba, mwenye nyumba aghalabu hufanya moja kati ya mambo matatu. Humchinja upesi kabla hajafa ili nyama isipotee. Au humpeleka sokoni pamoja na wenzake ambao bado wanaonekana wazima. Au hukimbilia dukani na kununua dawa yoyote anayopewa na muuzaji. Yote matatu hufanywa kwa nia ya kuokoa mali. Hata hivyo, mara nyingi ndiyo yanayoeneza ugonjwa, na wakati mwingine huiweka afya ya jamii nzima hatarini.

Huenda wewe msomaji unafuga kuku watano nyuma ya nyumba huko Kayole, Kitengela au Mlolongo. Huenda pia hufugi, lakini kila mwisho wa mwezi huletewa jogoo kwa basi kutoka kwa wazazi huko Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi. Kwa vyovyote vile jambo hili linakuhusu. Leo tunaangalia hasa hali ilivyo Kitui na Makueni, kwa sababu ufugaji wa kuku wa kienyeji ni kazi ya takriban kila boma huko, na pia kwa sababu kaunti hizo zilipata mwaka 2004 funzo chungu kuhusu chakula kilichoharibika. Funzo hilo lahusu banda la kuku sawa na linavyohusu chungu cha jikoni.

Hatua ya kwanza: mtenge

Kabla hujajua kinachomsumbua, mtoe kuku huyo katikati ya wenzake. Mweke ndani ya tenga au boksi, mahali penye kivuli na hewa safi, mbali na banda. Wale walio wazima wafungie pia, wasizurure hadi kwa jirani, wala wa jirani wasije kwako. Kuanzia hapo, walishe wazima kwanza na mgonjwa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni na usafishe viatu. Magonjwa mengi ya kuku husafiri kwa kinyesi kilichoganda kwenye soli ya kiatu, kwenye chombo cha maji na kwenye tenga la mchuuzi.

Hatua ya pili: hesabu

Mganga wa watu humuuliza mgonjwa. Kuku hasemi, basi idadi na wakati ndivyo vitakavyokusemea. Jiulize: ni kuku wangapi wameugua, na tangu lini?

Ikiwa ni mmoja tu na wengine wanakula vizuri, huenda shida ni yake mwenyewe. Mshike umkague polepole. Papasa gole, yaani kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo; likiwa gumu kama jiwe asubuhi kabla hajala, chakula kimekwama. Tazama sehemu ya kutolea kinyesi. Kuku jike anayejikamua bila kutaga huenda amekwamwa na yai. Fungua manyoya chini ya mabawa utafute chawa na kupe. Chunguza kando ya macho na kilemba chekundu cha kichwani kama kuna viroboto vilivyong'ang'ania kama punje nyeusi. Tafuta jeraha, mfupa uliovunjika au nyayo iliyovimba.

Ikiwa wengi wameanguka kwa wakati mmoja, ndani ya saa chache tu, shuku sumu au joto. Je, kuna aliyeweka dawa ya panya? Kuna mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa yaliyomwagika? Kuna maji ya dawa ya kupe yaliyobaki baada ya kuogesha ng'ombe? Kuhusu joto, kumbuka kwamba kuku hatoki jasho. Katika sehemu za joto kama Kibwezi na Mutomo, kuku aliyefungiwa chini ya bati bila maji hupumua kinywa wazi na kutanua mabawa. Mwenye tatizo la joto pekee kwa kawaida hupata nafuu akipelekwa kivulini na kupewa maji. Asipopata nafuu, tafuta sababu nyingine.

Lakini ikiwa leo ni mmoja, kesho watatu, na kesho kutwa nusu ya banda, basi umeingiliwa na ugonjwa wa kuambukiza. Hapo ndipo tunapokutana na adui mkubwa wa kuku wa kienyeji.

Kideri, ugonjwa usio na tiba

Kideri ndio ugonjwa ambao wengi huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Nchini Kenya uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Husababishwa na virusi, na kuku hupata dalili siku 2 hadi 15 baada ya kuambukizwa, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 6. Maana yake ni kwamba yule jogoo mzima uliyemnunua sokoni Jumamosi anaweza kuangusha banda lako lote Ijumaa inayofuata.

Dalili zake ni hizi. Kuku huacha kula na kusinzia. Hupiga chafya, hukoroma na kupumua kwa shida. Kichwa na kope huweza kuvimba. Huharisha kinyesi chepesi, mara nyingi cha kijani. Wale wanaoishi siku kadhaa hutetemeka, hupooza miguu au bawa, na wengine hupinda shingo hadi kichwa kikatazama nyuma. Wanaotaga hupunguza mayai au hutoa mayai yenye maganda laini. Wengine hufa bila kuonyesha dalili yoyote. Virusi vikiwa vikali na kuku wakiwa hawajachanjwa, zaidi ya 90 kati ya kila 100 huweza kufa.

Kuna tahadhari moja kuhusu kinyesi cha kijani. Kuku yeyote ambaye hajala kwa siku moja au mbili anaweza kutoa kinyesi cha kijani, kwa kuwa ni nyongo tupu inayopita. Basi usitoe hukumu kwa rangi hiyo peke yake. Iunganishe na chafya, shingo iliyopinda na kasi ya vifo.

Yapo magonjwa mengine yanayofanana nacho. Homa ya matumbo ya kuku huleta kinyesi cha manjano na kilemba kilichopauka. Kipindupindu cha kuku, ambacho hakihusiani na kipindupindu cha binadamu, huua ghafla na kukifanya kilemba kiwe cha zambarau. Mafua ya kuku huvimbisha uso na kutoa kamasi zenye harufu mbaya. Ndui huota vinundu kwenye kilemba na kando ya mdomo, na huenezwa na mbu. Vifaranga wanaojikunyata manyoya yakiwa wima na kuhara damu huenda wana koksidia. Baadhi ya magonjwa haya yana dawa, na koksidia hutibika vizuri ikiwahiwa. Hii ndiyo sababu kukisia ni hatari: unaweza kuiacha maradhi yenye tiba, ukatumia fedha kwa ile isiyo nayo.

Upo pia homa ya ndege, ambayo kwa macho haitofautiani na kideri kikali. Januari 2017 Uganda iliripoti ugonjwa huo katika ndege wa mwituni na wa kufugwa karibu na Ziwa Victoria, na Kenya ikapiga marufuku kuingizwa kwa kuku kutoka huko. Kwa hiyo vifo vingi vya ghafla si siri ya boma. Mwarifu afisa wa mifugo wa wadi yako. Yeye anaweza kuagiza mzoga mbichi upelekwe kupimwa katika maabara kuu ya mifugo ya Kabete, Nairobi. Mzoga huo uwekwe katika chombo kinachofungika, uzungukwe na barafu, na ufikishwe siku hiyo hiyo. Usiugandishe kuwa jiwe, kwani kugandisha huharibu viungo vinavyochunguzwa.

Kumtunza mgonjwa

Iwapo unasubiri mtaalamu, yapo unayoweza kufanya. Mpe maji safi katika chombo kifupi anachoweza kukifikia akiwa amekaa. Vitamini za kuku zinazochanganywa na maji husaidia kumpa nguvu. Mpe chakula laini, kwa mfano pumba iliyololowa maji, kidogo kidogo, na uondoe kinachobaki kabla hakijachacha. Kifaranga mgonjwa ahitaji joto kuliko chakula. Usimfungue mdomo kwa nguvu na kummiminia maji au dawa, kwani hupita njia ya pumzi na kuingia mapafuni, na wengi hufa kwa huduma hiyo badala ya ugonjwa.

Watu wengi Ukambani huponda mshubiri, unaoitwa kiluma kwa Kikamba, wakautia katika maji ya kuku pamoja na pilipili. Usitegemee kuwa utaponya kideri. Vivyo hivyo vidonge vya kuua bakteria, ambavyo wengine hununua katika duka la dawa za watu, havigusi virusi hata kidogo. Vinapotumiwa ovyo hufundisha bakteria kustahimili dawa zile zile ambazo kesho mtoto wako atazihitaji hospitalini. Ikiwa daktari wa mifugo ameagiza dawa, muulize swali moja ambalo wengi husahau: tukae siku ngapi kabla ya kula mayai na nyama? Muda huo huandikwa kwenye pakiti.

Alikula nini? Funzo la mwaka 2004

Sasa tuje kwenye swali ambalo wafugaji wengi hawaulizi kabisa. Kuku wa nyumbani hula kile ambacho jikoni pamekikataa. Mahindi yaliyoota kuvu yakiondolewa katika ya ugali, mara nyingi hutupwa uani huku mtu akisema: "Hayo ya kuku."

Kati ya Januari na Julai 2004, hasa katika wilaya za wakati huo za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua ugonjwa wa ini, macho yakageuka manjano na matumbo kujaa maji. Watu 125 walifariki. Chanzo kilikuwa aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa kabla hayajakauka vizuri. Wachunguzi walipopima bidhaa za mahindi kutoka masoko ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika, waligundua kwamba asilimia 55 zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 kwa kila bilioni. Baadaye kiwango hicho kilipunguzwa hadi 10. Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, watu 20 walilazwa kwa sumu hiyo na 12 wakafa.

Jambo la kushangaza ni kwamba sumu hii iligunduliwa kupitia ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulifuata nyayo hadi kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, nayo yalikuwa na kuvu. Hivyo ndivyo dunia ilivyoijua aflatoksini.

Je, mahindi yenye kuvu yatamuua kuku wako usiku mmoja? Kwa kawaida hapana. Bata na bata mzinga huathirika upesi zaidi. Kuku huvumilia kiasi. Hapo ndipo mtego ulipo. Sumu humdhoofisha taratibu: hula kidogo, hakui, mayai hupungua, kilemba hupauka. Akichinjwa, ini huonekana limevimba na kuwa la manjano. Baya zaidi, sumu hudhoofisha kinga yake ya mwili, hata chanjo aliyopewa isishike vizuri. Kideri kikija, humkuta amekwisha kushindwa. Mwenye kuku hulaumu chanjo, kumbe sababu ilikuwa ndani ya gunia. Tena kiasi kidogo cha sumu hiyo huweza kubaki katika ini na mayai.

Kwa hiyo shika kanuni hii: mahindi yasiyofaa watu hayafai kuku, wala ng'ombe wa maziwa. Yazike. Kuchemsha hakuondoi sumu, kuchoma hakuiondoi yote, na kuosha ule unga wa kijani haitoshi. Zaidi ya hayo, ukiona gunia lililowadhoofisha kuku, chunguza gunia unalosagia unga wa nyumba. Mara nyingi ni shamba lile lile na ghala lile lile.

Nao wakazi wa mjini wanaoletewa mahindi kutoka nyumbani wanaweza kupima ukavu wake kwa njia rahisi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia konzi ya mahindi na vijiko viwili vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Yaanike tena juu ya turubai, si kwenye udongo. Kiwango kinachotakiwa kwa kuhifadhi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Je, nyama yake huliwa?

Hili ndilo swali gumu, maana kuku ni fedha na njaa haina subira. Ni kweli kwamba virusi vya kideri hufa kwa moto, na kwa binadamu ugonjwa huu huleta tu macho mekundu yanayowasha kwa siku chache, hasa kwa mtu aliyemshika kuku mgonjwa kisha akajifikicha. Lakini wewe hujui kama ni kideri. Kama ni dawa ya panya au dawa ya wadudu, jiko haliiondoi. Kama ni homa ya ndege, hatari iko kwa yule anayenyonyoa na kupasua. Tena, kumchinja mgonjwa uani humwaga damu, manyoya na matumbo ambayo kuku wote wa mtaa watayachakura.

Basi kuku aliyekufa mwenyewe, au aliyeugua kwa sababu isiyojulikana, asiliwe, asiuzwe, wala asitupiwe mbwa. Usimtupe kichakani wala katika mto mkavu ukisubiri mvua. Mchimbie shimo la kina kisichofukuliwa na mbwa, au mchome kabisa. Kuwauza waliobaki kwa haraka ni kupeleka msiba kwa nyumba nyingine, na mara nyingi hurudi kwako kwa tenga la mchuuzi yule yule.

Chanjo ndiyo dawa

Kideri hakitibiki, lakini huzuilika kwa bei ndogo kuliko ya kuku mmoja. Shirika la serikali la kutengeneza chanjo za mifugo, KEVEVAPI, hutoa chanjo yake hapa nchini. Ipo pia aina iitwayo I-2, iliyobuniwa Australia, ambayo huvumilia joto kuliko zile za zamani na imesaidia sana vijiji vilivyo mbali na umeme. Hata hiyo haitaki jua; ibebe katika kitambaa chenye maji au chombo cha baridi.

Tone moja jichoni linatosha kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Chupa moja hutosha kuku wengi, kwa hiyo majirani wapatane siku moja na kugawana gharama. Chanja wazima tu. Aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo. Kinga huchukua wiki 1 hadi 2 kujengeka, basi usingoje kusikia kuku wa jirani wameanza kufa. Wakazi wa mjini wanaotumia chanjo ya kunyweshwa wajihadhari na maji ya mfereji, kwa sababu klorini iliyomo huua chanjo kabla kuku hajainywa. Uliza dukani maji gani yatumiwe.

Kuku yeyote mgeni, awe wa sokoni au zawadi kutoka nyumbani, akae peke yake kwa wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wengine. Na banda lililopatwa na vifo lisafishwe, kinyesi kiondolewe, jua liingie, na lisitiwe kuku wapya kwa angalau mwezi mmoja.

Mwishowe, msomaji, tafuta daftari dogo ulitundike karibu na banda. Andika tarehe ya chanjo, kuku walioingia na walikotoka, chakula kipya kilipofunguliwa, na siku ya kifo cha kwanza. Afisa wa mifugo akifika, daftari hilo litampa mwanzo mzuri wa kutafuta chanzo cha ugonjwa. Na ikiwa leo hukumbuki kuku wako walichanjwa lini, fahamu kuwa muda wao umekwisha pita.